Kazi ya Kucheza Utupu Marekani: Nani Humlipa Nani?

Katika klabu za Marekani ambamo wanawake hucheza jukwaani huku wakivua nguo, kazi hupatikana haraka. Mwombaji haulizwi cheti wala barua ya udhamini. Hufika siku ya katikati ya wiki, wateja wakiwa wachache, akiwa na viatu vya mchuchumio na vazi la jukwaani mkobani, akaomba kuonana na meneja. Usaili wenyewe ni kucheza wimbo mmoja au miwili, mara nyingi mbele ya wateja waliopo. Ustadi wa kupanda nguzo humwongezea mtu sifa, lakini si kila klabu huudai. Meneja hutazama zaidi kama mwombaji anajiamini na anaweza kukaa na mteja wakazungumza, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hutokana na dansi za faragha zinazouzwa mezani.

Kitambulisho ndicho hukaguliwa kwa makini. Majimbo mengi huruhusu kazi hii kuanzia miaka 18, ila Texas ilipandisha umri hadi 21 mwaka 2021, na Florida ikafanya hivyo mwaka 2024. Sheria za mavazi nazo hutofautiana: California hairuhusu utupu kamili mahali panapouzwa pombe, ilhali Oregon inaruhusu vyote viwili pamoja. Mgeni aliyeingia nchini kwa viza ya utalii haruhusiwi kufanya kazi hii wala nyingine yoyote. Wakala anayemwita msichana kutoka ng'ambo kwa ahadi ya kucheza muziki, kisha akamnyang'anya pasipoti ili asiondoke, anatenda kosa la jinai chini ya sheria za Marekani dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Mwombaji akikubaliwa, huwekewa karatasi ya kutia sahihi, na hapo ndipo penye uzito wote. Mara nyingi karatasi hiyo haimwiti mwajiriwa. Humwita mkandarasi huru, yaani mtu mwenye biashara yake anayekodi nafasi ukumbini. Kwa hiyo hana mshahara. Kila zamu hulipa ada ya ukumbi, ambayo huweza kuwa makumi ya dola, na katika klabu kubwa usiku wa wikiendi ikapita 100. Klabu hukata fungu lake katika kila dansi ya faragha, kisha dijei, mabaunsa na mama anayesimamia chumba cha kuvalia husubiri kugawiwa bakshishi. Usiku wateja wasipokuja, mnenguaji huweza kurudi nyumbani akiwa na deni. Kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayogharimia pensheni na matibabu ya uzeeni, huilipa yote peke yake. Mwajiriwa wa kawaida hulipiwa nusu na mwajiri.

Ila jina lililoandikwa kwenye mkataba haliufungi mkono wa mahakama. Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938 huangalia uhusiano ulivyo kwa vitendo: nani hupanga zamu, nani huweka bei, nani hutoa amri na kutoza faini. Klabu nyingi hufanya hayo yote, na ni vigumu kuona uhuru wa mkandarasi uko wapi. Ndivyo jaji wa shirikisho jijini New York alivyoona mwaka 2013 katika kesi ya wanenguaji dhidi ya Rick's Cabaret: walikuwa waajiriwa, na walistahili kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2015 shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 15. California ilikwenda mbali zaidi. Mahakama yake ya juu, katika shauri la kampuni ya kusafirisha vifurushi ya Dynamex la mwaka 2018, iliweka kipimo kinachomtaka mwenye biashara athibitishe kwamba mtu si mwajiriwa wake, na tangu Januari 2020 kipimo hicho kimo ndani ya sheria ya jimbo.

Wapo pia walioamua kujipigania bila kungoja majaji. Wanenguaji wa Lusty Lady mjini San Francisco, waliocheza nyuma ya vioo, walichoka kupigwa picha kwa siri na wateja waliojificha nyuma ya vioo vinavyoonesha upande mmoja tu. Weusi miongoni mwao walilalamika kwamba walikuwa wakibaguliwa katika ugawaji wa zamu. Mwaka 1996 walipiga kura ya kuwa na chama cha wafanyakazi, na vioo hivyo vikaondolewa. Mwaka 2003 waliinunua klabu na kuiendesha kama ushirika hadi ilipofungwa mwaka 2013. Muongo mmoja baadaye, Mei 2023, wenzao wa Star Garden huko Los Angeles, waliokuwa wamefungiwa mlango baada ya kudai usalama kazini, walijiunga na Actors' Equity, chama cha waigizaji wa jukwaani kilichoanzishwa mwaka 1913. Kura zilikuwa 17 kwa sifuri.

Jimbo la Washington limechukua njia nyingine: limelinda mnenguaji bila kumlazimisha awe mwajiriwa, kwani wapo wanaopenda kujipangia siku zao. Sheria iliyosainiwa Machi 2024, baada ya kampeni ya wanenguaji wenyewe, inazitaka klabu ziwe na mlinzi, ziwafundishe wafanyakazi kuzuia unyanyasaji wa kingono, na ziweke namba za siri kwenye milango ya vyumba vya kuvalia. Ada ya ukumbi imewekewa kikomo: dola 150 kwa zamu ya saa nane au asilimia 30 ya alichopata mnenguaji, kiasi kilicho kidogo ndicho kinachotozwa. Na asiyeweza kulipa usiku huo hawezi kuandikiwa deni la kubebeshwa zamu inayofuata.