Walipanda ligi, sasa wanafungwa kila wiki

Dada yangu alinipigia simu kutoka Mombasa Jumapili asubuhi, hata chai sijaimaliza. Alikuwa amesikia kwamba timu ya chuo cha mwanawe imefungwa pointi 94 kwa 41. "Kaka, hebu mwambie huyo mtoto aache mpira asome. Watu hufungwaje hivyo? Walikuwa wanacheza ama walikuwa wanatazama?"

Bahati nzuri mimi mwenyewe nilikuwa uwanjani. Nilipanda Nairobi kwa shughuli zangu za wiki mbili, na mpwa wangu akanipa kitanda chake katika chumba anachokodi na wenzake wawili mtaa wa Ziwani. Kwa msioujua, Ziwani ni mojawapo ya mitaa ya nyumba za baraza la jiji iliyojengwa enzi za mkoloni, miaka ya arubaini. Upo jirani na Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Shule ya Starehe iko hapo karibu, na Pumwani yenye Waislamu wa tangu jadi si mbali. Mtu wa Pwani hajioni mgeni sana kule. Adhana unaisikia.

Chuo cha kijana sitakitaja, maana ni kidogo na hakikuniomba nikitangaze. Timu yake ya mpira wa vikapu ina wachezaji 11. Kwa miaka miwili walikuwa wanawashinda vyuo wenzao na timu za mitaani hadi wakaona wamekua. Mwaka huu wakajisajili katika ligi ya shirikisho, daraja la chini ya Ligi Kuu. Mechi nne za kwanza wamepigwa zote, na hiyo ya 94 kwa 41 ndiyo ya nne. Ijumaa ile walikuwa wamekaa kikao kujadili kama wajitoe.

Mimi si kocha. Nilicheza nikiwa sekondari, na nimekaa jioni nyingi pale Makande nikiwatazama KPA. Lakini nilikuwa na daftari mfukoni, na nikaanza kuhesabu jambo moja tu: ni mara ngapi vijana wetu wanaupoteza mpira kabla hata hawajarusha kikapuni. Kufikia mwisho nilikuwa na vijiti 33.

Hapo ndipo siri ilipo, na mwenye kutazama matokeo peke yake hawezi kuiona. Katika mpira wa vikapu timu mbili hupata zamu karibu sawa, kwa sababu ukifunga, mpira unakwenda kwa mwenzako, na ukikosa akaudaka, pia ni wake. Dada yangu hukaanga mahamri, nikamfafanulia kwa mahamri. Wewe na jirani yako mmekanda unga sawa, mahamri sabini kila mmoja. Thelathini yako yameanguka mchangani kabla hayajafika kwenye karai, ya jirani yameanguka kumi. Wewe utauza arubaini, yeye sitini. Hata kama nusu ya mirusho ya kila timu inaingia, na kila kikapu ni pointi mbili, wewe una 40 na yeye ana 60. Pointi ishirini zimeshakwenda na hakuna aliyekuzidi shabaha.

Halafu ongeza balaa la pili. Mpira unaponyang'anywa katikati ya uwanja, aliyeunyakua hukimbia peke yake na kufunga chini ya kikapu bila mtu wa kumzuia. Kule kwenye mashindano ya vyuo vidogo, ukipoteza mpira mwenzako naye huupoteza, mnacheka, mnaendelea. Huku juu kila kosa lina bei, nayo hulipwa papo hapo.

Kwa nini wanaupoteza hivyo, na wakati chuoni kwao ni mafundi? Kwa sababu hawajawahi kubanwa. Kanuni za kimataifa zinakupa sekunde 8 kuuvusha mpira nusu ya uwanja, na sekunde 24 kurusha. Timu za mtaani hukusubiri karibu na kikapu chao, unakuja na mpira wako taratibu kama mtu anayetoka sokoni. Timu ya watu wazima inakupokea pale pale unapoanzia: mmoja mbele yako, wa pili anakuja ubavuni, mstari wa pembeni unakuwa mlinzi wa tatu. Mpwa wangu, ambaye ndiye anayeleta mpira mbele, aliniambia, "Mjomba, nilikuwa naona mikono tu." Akawa anatupa pasi ndefu za juu, na pasi ndefu ya juu hukaa hewani muda wa kutosha mtu kuifikia.

Hiyo saa ya sekunde 24 nayo ni mgeni kwao. Uwanja wanaofanyia mazoezi ni wa saruji, ulio wazi, taa moja, na saa hakuna. Walipokwenda kwenye mechi zenye saa, wakawa wanaitazama saa badala ya kumtazama mwenzao aliye wazi. Zikibaki sekunde tano, mtu anarusha kutoka popote. Mrusho wa namna hiyo ukikosa ni sawa na kumkabidhi adui mpira mkononi.

Kuna jambo la benchi pia. Mechi ni dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi. Timu inaruhusiwa wachezaji 12, na mwenye faulo tano anatoka asirudi. Wapinzani walikuwa wanabadilisha watano kwa mpigo na waliotoka walikuwa sawa na walioingia. Vijana wetu wanaocheza kwa uhakika ni sita. Robo ya kwanza ilikuwa 19 kwa 14, mtu ungesema mechi ipo. Robo ya tatu miguu ikaisha, na miguu ikiisha mkono ndio unaozuia, na mkono ukizuia ni faulo. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo moja, mpinzani hupewa mirusho miwili ya bure. Wale jamaa walikuwa wanakwenda kwenye mstari kama wanaokwenda kuchukua mshahara.

Na kweli ni mshahara. Watu wengi hawalifikirii hili. Mpira wa vikapu wa Kenya umejengwa juu ya waajiri na vyuo vikuu vikubwa. KPA yetu ya Mombasa ni bandari. Ulinzi Warriors ni jeshi. Equity ni benki. Upande wa vyuo, Strathmore na USIU ni vyuo vikuu vyenye viwanja vyao na ratiba inayoeleweka. Hata kwenye daraja la chini unakutana na watu wa miaka 28 au 30 waliokwisha kucheza Ligi Kuu. Mwili wa mtu wa miaka 30 anayekula vizuri na mwili wa kijana wa miaka 20 anayeishi kwa chapati madondo si kitu kimoja. Chuo kidogo kina kozi ya miaka miwili au mitatu. Kijana akishaanza kuiva anakwenda kufanya kazi ya majaribio Thika au Nakuru, kisha anamaliza, anaondoka. Kila mwaka unaanza upya. Nauli ya mechi wanachangishana. Sisemi haya kuwatetea. Nasema kwa sababu dada alidhani wamefungwa kwa uvivu.

Basi nikakaa nao kwenye mazoezi Jumanne na Alhamisi. Kocha wao ni mwalimu wa hesabu anayejitolea, mtu mpole, haongei sana. Alikuwa amefanya mambo mawili ambayo kwangu yalionyesha kwamba ameielewa shida.

La kwanza, akaweka walinzi saba dhidi ya washambuliaji watano. Kuuvusha mpira mbele ya watu saba ni adhabu, lakini ukizoea saba, watano wanaonekana kama uwanja mtupu. Na akapiga marufuku kudunda mpira ovyo: pasi fupi, mtu aje kuupokea, asisubiri uje. Anayetupa pasi ndefu ya juu anakimbia mzunguko. Mpwa wangu alikimbia mizunguko mingi siku hiyo.

La pili, akawaambia wapunguze mwendo. Wasirushe kabla saa haijashuka chini ya sekunde kumi, ila mtu akiwa peke yake chini ya kikapu. Wengine walinung'unika kwamba huo ni mpira wa wazee. Hesabu yake ni nzuri lakini. Mechi yenye zamu nyingi humpa mwenye nguvu nafasi nyingi za kuonyesha nguvu zake. Mechi yenye zamu chache huacha mlango wa bahati wazi. Marekani kuna mfano maarufu. Mwaka 1996 Princeton, chuo kisichotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kilikutana na UCLA waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia. Kocha wao, Pete Carril, aliwafundisha kushika mpira kwa subira, pasi juu ya pasi, mpaka mlinzi akisinzia mtu anapita nyuma yake. Walishinda 43 kwa 41. Wakati huo vyuo vya Marekani vilikuwa na sekunde 35 za kurusha, kwa hiyo subira ilikuwa rahisi zaidi.

Zamani zaidi hapakuwa na kikomo chochote. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliushika mpira mbele ya Minneapolis Lakers wakagoma kucheza, mechi ikaisha 19 kwa 18, na watazamaji wakazomea. Ndipo mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akapiga hesabu yake: mechi ya dakika 48 ni sekunde 2880, mechi nzuri ina mirusho kama 120 kwa timu zote mbili, gawanya, unapata 24. Kimataifa tulikaa na sekunde 30 tangu 1956, tukaingia 24 mwaka 2000. Kwa hiyo kijana wa Ziwani anayebanwa na saa ile anabanwa na hesabu iliyopigwa kwa sababu ya watu waliochelewesha mpira kabla babake hajazaliwa.

Mbinu ya kupunguza mwendo ina hatari yake, na nilimwambia kocha hivyo. Usipokuwa na mtu anayeweza kufunga saa ikiwa imebaki sekunde nne, subira yako yote ni bure. Akanijibu kwamba anajua, lakini kwanza anataka wafungwe vizuri. Nilipenda jibu hilo kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Jumamosi wakacheza tena. Walifungwa. 61 kwa 47. Kwenye daftari langu vijiti vilikuwa 18. Vijana walitoka wameinama, wakaniona ninatabasamu, wakadhani nimerukwa na akili. Nikawaonyesha daftari.

Wakubwa nao walianzia kwenye vipigo. Timu ya taifa ya wanaume ya Kenya ilishika nafasi ya nne Afrika mwaka 1993 mashindano yalipofanyika Nairobi, kisha haikurudi tena kwenye AfroBasket kwa miaka 28. Iliporudi ni kwa sababu ya Februari 2021 kule Yaoundé, walipokutana na Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11 hadi wakati huo, wakawafunga 74 kwa 73 kwa mrusho wa Tylor Ongwae katika sekunde za mwisho kabisa. Ukitazama vikosi viwili vile, Angola walikuwa na kila kitu. Kenya walihakikisha tu kwamba dakika ya mwisho inawakuta bado wapo karibu.

Suala la Ramadhani nilijua litakuja, na lilikuja. Timu ina Waislamu wanne na ligi haisimami kwa ajili ya mfungo. Mmoja alisema ataomba kupumzishwa mwezi mzima. Nikamtajia Hakeem Olajuwon. Februari 1995, mwezi ulioingia pamoja na Ramadhani, alicheza NBA akiwa amefunga, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo. Lakini sikumwambia aige kila kitu. Olajuwon alikuwa na mshahara wa NBA, huyu ana jiko moja la gesi kwa watu watatu. Kocha amekubali kwamba mwezi ule mazoezi ya mbio yatafanywa baada ya futari, na kabla ya magharibi watarusha mirusho ya bure tu, wamesimama. Daku isikosekane, na maji yanywewe usiku kidogo kidogo, si kujaza tumbo kwa mpigo. Nani acheze na nani apumzike mchana wa mechi, hilo nimewaachia wao na nafsi zao.

Kura ya kujitoa ilipigwa Jumapili jioni, kwenye ngazi za nyumba, baada ya mimi kufungasha. Kumi walitaka wabaki, mmoja alitaka kujitoa. Huyo mmoja hakuwa mpwa wangu, ingawa aliniambia alifikiria.

Nikampigia dada nikiwa kwenye basi, nikamweleza yote haya, tangu Voi mpaka Mariakani. Vijiti, mahamri, walinzi saba. Akanisikiliza kwa utulivu ambao si kawaida yake. Kisha akauliza hiyo mechi ijayo ni lini, na hilo jiko moja la gesi, nani atawapikia futari.