Gari la umeme: tuulize betri kabla ya bei

Jirani yetu mmoja hapa Dar es Salaam aliletewa na dalali gari la umeme, Nissan Leaf, lililotumika Japani: jeupe, safi, viti havina doa. Ana watoto watano na akiba aliyoiweka kwa miaka, na safari zake ni zile za kila nyumba: shule asubuhi, sokoni, madrasa alasiri, na msikitini siku ya Ijumaa. Alitutaka tuketi naye tupige hesabu kabla hajatoa fedha. Tuliketi baada ya Isha.

Tulianza na upande unaofurahisha. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, tukiihesabu lita kwa shilingi 3,000, hula shilingi 250 kila kilomita. Leaf hupata takriban kilomita 5 kwa kila uniti inayotoka kwenye mita. Kwa mtumiaji wa kawaida tuliihesabu uniti kwa shilingi 292, ambazo pamoja na kodi na tozo hukaribia 356. Basi kilomita moja ni shilingi 71. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, shilingi 250,000 za petroli zinageuka kuwa 71,000 za umeme. Tena hakuna oili ya injini ya kubadilisha.

Lakini nyumba ya jirani yetu imo katika kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi. Gari hilo peke yake lingetaka uniti 200. Maana yake nyumba nzima ingetoka katika nafuu hiyo, na hata taa na friji vingelipiwa kwa bei ya juu. Kwa uniti zake 70 za sasa, hilo ni ongezeko la shilingi 16,000 na ushei kila mwezi. Faida bado ipo, ila dalali hakuitaja hesabu hiyo. Kwa aliyepanga nyumba yenye LUKU moja kwa wapangaji wanne, mambo ni magumu zaidi; tumeona watu wakikosana kwa sababu ya pasi, sembuse gari!

Kisha tukatazama soketi. Kuchaji ni kazi ya saa nyingi mfululizo, aghalabu usiku kucha watu wakiwa wamelala. Waya mwembamba wa nyumba ya zamani hupata moto ukibebeshwa mzigo huo. Inatakiwa soketi ya peke yake, waya mnene utokao moja kwa moja kwenye swichi kuu, na waya wa ardhini, vyote vifungwe na fundi umeme anayejua kazi. Waya wa kuunganishaunganisha unaopitishwa dirishani ni hatari kwa watoto. Na umeme ukikatika usiku, asubuhi shule haisubiri.

Tulipofika kwenye betri ndipo tulipokaa sana. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, na ile ya mwaka 2011 ilipimwa Marekani kuwa inakwenda kilomita 117 ikiwa mpya. Betri hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto huichosha. Mwaka 2012 wamiliki katika jimbo la Arizona, penye joto kali, walilalamika kuwa zao zinapungua nguvu mapema. Nasi Dar es Salaam twajua jua letu. Kwenye dashibodi upo mstari wa vijiti 12 unaoonyesha afya ya betri, mbali na kipimo cha chaji. Dalali alipoliwasha gari asubuhi yake, vijiti vilikuwa 8. Hiyo ni kama theluthi mbili ya uwezo, yaani kilomita zisizofika 80. Kwenda Bagamoyo linafika. Kurudi halirudi bila kuchajiwa huko.

Fiqhi ya biashara inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa yake, na betri iliyochoka ni aibu isiyoonekana kwa macho. Dalali, alipoulizwa, alijibu kuwa gari ni la Japani.

Jirani yetu hakulinunua. Anatafuta jingine lenye vijiti 11, ingawa bei yake imepanda, na fundi ameshavuta waya hadi barazani.