Kifaa kinapoidanganya kompyuta: Programu ndogo zinazosahihisha tamko lake

Mfanyabiashara anaponunua skana ya bakodi Nairobi au Dar es Salaam na kuipeleka kwenye duka lake la Bujumbura au Lubumbashi, anaweza kukutana na ajabu hii: bidhaa yenye namba inayoanza na 616, zile zinazotolewa kupitia shirika la GS1 la Kenya, inaandikwa kwenye skrini "-&-". Ile inayoanza na 620, ya Tanzania, inatokea "-éà". Skana si mbovu, na kompyuta haijaharibika. Viwili hivi havijaelewana tu.

Kutoelewana huko kuna gharama. Katoni inaingia stoo kwa namba moja na kutoka kwa nyingine, hesabu ya mwisho wa mwezi inakataa kulingana, na anayeshukiwa kwanza ni kijana wa dukani. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, inafaa kujua kinachotokea kati ya waya wa USB na skrini, na jinsi mafundi wa mfumo wa Linux walivyopata njia mpya ya kurekebisha vifaa vya aina hii bila kubomoa kompyuta nzima.

Skana inayojiita kibodi

Skana nyingi za USB zinapochomekwa hujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Hazitumi herufi wala tarakimu, bali namba za vitufe. Kitufe cha A ni namba 4, cha tarakimu 1 ni 30, cha 0 ni 39, na cha Enter ni 40. Kompyuta ndiyo inayoamua kitufe namba 30 kiandike nini. Kwenye mpangilio wa Kiingereza kinaandika 1. Kwenye mpangilio wa Kifaransa, unaotumika sana Burundi na Kongo, kitufe hichohicho kikibonyezwa peke yake kinaandika "&".

Tatizo hili la lugha halihitaji fundi mkubwa. Kitabu kinachokuja na skana huwa na bakodi maalumu za kubadili mpangilio: unazisoma kwa skana yenyewe, nayo inabadilika. Au mpangilio wa kibodi kwenye kompyuta unabadilishwa. Atakayedai fedha nyingi kwa kazi hiyo aulizwe maswali.

Lakini kuna kasoro za ndani zaidi, ambazo mipangilio haizifikii. Hizo ni pale kifaa chenyewe kinapotoa maelezo ya uongo juu ya umbile lake.

Tamko la mpakani

Kila kibodi, kipanya au kalamu ya kuchorea inapochomekwa hukabidhi tamko fupi. Linasema mimi ni nani, nina vitufe vingapi, baiti ya kwanza ya ujumbe wangu ina nini na ya pili ina nini. Utaratibu huu wa vifaa vya kuingizia taarifa unaitwa HID, na ni sehemu ya kanuni za USB.

Anayevusha mizigo Namanga, Busia au Rusumo anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Afisa wa forodha huanza na hati. Hati ikisema katoni za sabuni na ndani ya lori kuna mafuta ya kula, kila hatua inayofuata itakwenda mrama, hata kama mzigo ni mzuri na dereva ni mwaminifu.

Vifaa vyenye tamko lenye kasoro ni vingi. Skrini ya kuchorea ya XP-Pen Artist 24 huja na kalamu yenye vitufe viwili. Cha pili kinapobonyezwa, kifaa kinaiambia kompyuta kwamba kalamu imegeuzwa upande wa kifutio, ilhali kalamu hiyo haina kifutio. Rimoti ya HP Elite Presenter, inayotumiwa na watoa mada mikutanoni, inajitangaza kuwa vipanya viwili. Kulisahihisha tamko lake kunahitaji kubadilishwa baiti moja tu.

Baiti moja si kazi. Kazi ilikuwa kuifikisha mahali pake.

Foleni ndefu

Moyo wa mfumo wa kompyuta unaitwa keneli. Ndiyo inayosimamia kumbukumbu, diski, mtandao na kila kifaa kinachochomekwa. Keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ndiyo iliyomo pia ndani ya simu zote za Android.

Kwa miaka mingi, kifaa chenye tamko bovu kilitengenezewa rekebisho ndani ya keneli yenyewe. Fundi aliandika mabadiliko, akayatuma kwa wasimamizi, yakapitiwa, kisha yakasubiri toleo jipya, ambalo hutoka takribani kila wiki tisa au kumi. Baada ya hapo, waliokusanya mfumo kwa ajili ya watumiaji walipaswa kulichukua toleo hilo na kulisambaza. Mwenye kifaa angeweza kusubiri miezi. Asiyetaka kusubiri ilimbidi aijenge keneli upya mwenyewe, kazi isiyofanyika kati ya mteja na mteja.

Njia hiyo ilikuwa na hatari yake. Ndani ya keneli, kosa dogo huangusha kila kitu. Julai 19, 2024 dunia ililiona jambo hilo kwenye kompyuta za Windows, pale sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoifanya sehemu yake iliyo ndani ya keneli isome nje ya mipaka ya kumbukumbu iliyoruhusiwa. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki chini na benki zikakwama.

Mgeni anayekaguliwa kabla ya kuingia

Njia mpya ina mizizi ya zamani. Mwaka 1992, Steven McCanne na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walibuni namna ya kuingiza programu ndogo ndani ya keneli ili kuchuja taarifa za mtandao. Waliiita BPF. Mwaka 2014, kazi ya Alexei Starovoitov na wenzake iliipanua ndani ya Linux ikaweza kutumika kwa mambo mengi zaidi ya mtandao.

Benjamin Tissoires wa kampuni ya Red Hat, mmoja wa wasimamizi wa sehemu ya HID katika Linux, aliileta njia hiyo kwenye kibodi, vipanya na jamaa zao. Mbinu yake, HID-BPF, iliingia katika Linux toleo la 6.3, lililotoka Aprili 2023.

Inafanya mambo mawili makubwa. Kwanza, kifaa kinapochomekwa, programu ndogo hulishika tamko lake na kulisahihisha kabla keneli haijalisoma. Pili, kila ujumbe unaotoka kwenye kifaa hupita mikononi mwa programu hiyo, nayo inaweza kuuacha, kuubadilisha au kuutupa. Kompyuta haizimwi na keneli haijengwi upya. Programu ikionekana haifai, inaondolewa, na kifaa kinarudi kama kilivyokuwa.

Kinachozuia balaa ni mkaguzi aliyemo ndani ya keneli. Kabla programu haijaruhusiwa kufanya kazi, mkaguzi hupitia njia zake zote. Ikijaribu kugusa kumbukumbu nje ya mipaka yake, inakataliwa. Ikiwa na mzunguko usio na mwisho unaoweza kuikwamisha kompyuta, inakataliwa. Baadhi ya programu zilizopita mtihani huo, ikiwamo ya XP-Pen na ya HP Elite Presenter, sasa zinahifadhiwa pamoja na msimbo wa Linux, na yeyote anaweza kuzisoma.

Faida kwa mwenye duka

Mwaka 2015, watafiti wa maabara ya Xuanwu ya kampuni ya Tencent, China, walionyesha mjini Tokyo kwamba bakodi zilizochapwa kwenye karatasi zinaweza kuifanya skana itume mibonyezo ya vitufe vya amri, si tarakimu tu. Kwa kuwa kompyuta inaamini kuna mtu anabonyeza kibodi, inatii. Mteja mwenye nia mbaya anahitaji kibandiko tu juu ya bidhaa.

Programu ndogo ya HID-BPF inaweza kuifungia skana njia hiyo: iruhusu vitufe 30 hadi 39, yaani tarakimu, na 40, yaani Enter, kisha itupe vingine vyote, ikiwamo Ctrl na Alt. Duka linalosoma namba za bidhaa pekee halipotezi kitu. Ghala linalosoma pia namba za matoleo zenye herufi litahitaji ruhusa pana zaidi.

Asichokiona mkaguzi

Hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kuwa macho. Mkaguzi wa keneli anathibitisha kwamba programu haitaiangusha kompyuta. Hathibitishi kwamba programu ni ya kweli. Programu inayogeuza kila 7 kuwa 1 kabla haijafika kwenye mfumo wa stoo itapita ukaguzi bila shida, maana haijavunja kumbukumbu yoyote. Lori linaweza kuwa na breki nzuri, taa nzuri na bima hai, na bado likabeba magendo.

Kwenye bakodi za tarakimu 13 kuna kinga ya kiasi. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na 12 zilizotangulia, hivyo kosa la tarakimu moja hujulikana papo hapo, ilimradi mfumo wa mauzo umewekwa ufanye hesabu hiyo. Hata hivyo, mwizi anayejua kanuni anaweza kubadilisha zote mbili.

Kinga kubwa ni ufunguo. Programu hizi hupakiwa na mwenye mamlaka kamili ya kompyuta peke yake. Katika maduka mengi nywila ya mamlaka hayo anayo fundi, na mwenye duka haijui. Huko ni sawa na kumwachia wakala mhuri wa kampuni na vitabu vya hati vilivyotiwa saini tupu.

La kufanya

Kabla ya kulipia skana, ichomeke kwenye kompyuta itakayotumika, fungua ukurasa wowote wa kuandikia, soma bidhaa kumi na ulinganishe tarakimu moja moja na zilizochapwa. Ikitoa alama za ajabu, anza na mpangilio wa lugha.

Tatizo likibaki, uliza mfumo ulio kwenye kompyuta. HID-BPF ni ya Linux. Kompyuta yenye Windows haiitumii, na Linux iliyo chini ya toleo la 6.3 haina. Hata kwenye toleo jipya, waliokusanya mfumo wanapaswa wawe wameiwasha.

Andika pia namba mbili ambazo kila kifaa cha USB hubeba ndani: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Rekebisho hufungwa kwenye namba hizo. Skana mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na namba tofauti, na dawa ya moja isiifae nyingine.

Mwisho, fundi akimaliza kazi akuachie msimbo unaosomeka wa alichopakia, si faili lililofungwa, na nywila ibadilishwe mbele yako. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa sababu siku hesabu itakapokataa kulingana, karatasi hiyo ndiyo itakayomtoa kwenye orodha ya wanaoshukiwa, na kumtoa pia kijana wa dukani.