Mwanzi wa Garsen na Adui Bungua

Ukipaka dawa ya mbao juu ya mwanzi kama unavyopaka boriti, pesa umezitupa. Sababu imo ndani ya mwanzi wenyewe, na aliyeichunguza kwa hadubini miaka mingi ni Walter Liese, mtaalamu wa mbao wa Hamburg, Ujerumani.

Mwanzi ni jamii ya nyasi. Chipukizi hutoka ardhini na unene wake wote, hurefuka kwa miezi michache, kisha huchukua kama miaka mitatu kukomaa. Kati ya fundo na fundo, mishipa yote hupanda wima. Hakuna unaokata kwenda ubavuni. Ngozi ya nje ni ngumu, dawa haipenyi. Mishipa hiyo ni kama asilimia 10 tu ya ukuta wa mwanzi, nyuzi ngumu ni 40, na nusu nzima ni seli laini zenye wanga. Wanga ndio chakula cha bungua, mdudu anayetoboa mwanzi.

Basi kata mwanzi uliokomaa, na ukiwa bado mbichi toboa mafundo kwa nondo, kwani mishipa huanza kuziba mara ukikatwa. Uzamishe katika maji ya boraksi na asidi ya boriki kwa wiki moja au zaidi. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo mwanzi huo ni wa paa, dari na vitanda. Nguzo ya kuchimbia ardhini, tafuta kitu kingine.

Kwa joto la Garsen, Tana River, ningechagua Dendrocalamus strictus wa India: mnene wa ndani, karibu hauna uwazi, na hustahimili ukame. Lakini hautaki maji yaliyotuama, na Garsen ina kiangazi na mafuriko pia. Ya 1997 na ya 2023 yanakumbukwa. Mahali pake ni kingo zilizoinuka, karibu na miembe ya Wapokomo, si bonde la mpunga. Hapo mizizi hushika udongo. Zungushia ua, maana ng'ombe na mbuzi hupenda machipukizi. Wala usipande kwenye malka, njia ya mifugo ya Waorma kufikia mto. Hakuna mwanzi wenye faida ya kufidia ugomvi huo.

Kabla ya kununua miche, wasiliana na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya kilichoko Gede, Kilifi, na ujue kwanza boraksi utaipata wapi.