Je, Wajua? Kuta za Kunduchi zilitoka baharini

Jiwe lililojenga magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, lilikuwa hai. Ni matumbawe.

• Jiwe laini kama ubao. Matumbawe ya nakshi yalikatwa chini ya maji, yangali mabichi. Yakiwa na unyevu, fundi aliyachonga kwa urahisi. Yakikauka, yalikuwa magumu. Ndiyo maana nakshi za vibla vya misikiti ya pwani zimedumu karne kwa karne.

• Ukuta bila saruji. Mafundi walipanga vipande vya matumbawe juu ya lundo la magogo, wakachoma mpaka vikawa chokaa. Jiwe na kinachoshika jiwe, vyote vilitoka baharini.

• Mti ndio uliopima chumba. Dari za nyumba za mawe, kuanzia Kilwa hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti moja ilivuka upana wa kama mita 3 tu. Basi vyumba vikawa virefu na vyembamba.

• Mabakuli ukutani. Nguzo za makaburi ya Kunduchi, ya karne ya 18, zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China, yaliyopachikwa kwenye chokaa. Mengi yameng'olewa. Yamebaki mashimo ya duara, kila moja likionyesha ukubwa wa bakuli lililokaa pale. Ukienda, tazama kwa macho, mkono uache. Kilichobaki ni kidogo, na ni chetu sote.