Baiskeli Moja kwa Mashindano Mawili

Vijana wengi katika vikundi vyetu wanapenda mashindano ya baiskeli barabarani. Wengine wangetaka pia kujaribu triathloni mara moja moja. Lakini pesa ya kikundi ni ya baiskeli moja tu. Je, mnunue gani? Jibu letu ni fupi: nunueni baiskeli ya mashindano ya barabara, tena inayomtosha mwenye kuipanda. Tuone sababu.

TOFAUTI NI NINI?

Triathloni ni michezo mitatu mfululizo: kuogelea, baiskeli, halafu kukimbia. Katika Olimpiki, ilikoanza Sydney mwaka 2000, ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Katika triathloni nyingi za watu wa kawaida hairuhusiwi kumfuata mwenzako karibu ili akukinge upepo. Kila mtu anapambana na upepo peke yake. Ndiyo maana baiskeli ya triathloni ina vyuma viwili virefu mbele vya kuegemezea viwiko, na kiti kimesogezwa mbele, ili mtu ainame sana.

Mbio za barabara ni kinyume. Watu huenda kwa kundi, gurudumu karibu na gurudumu, na mikono lazima iwe karibu na breki. Aliyeegemea viwiko yuko mbali na breki. Akiyumba kidogo tu, anaangusha wengi. Kwa hiyo sheria za chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, zinakataza vyuma hivyo katika mbio za kundi. Mkinunua baiskeli ya triathloni, itakaa ukutani karibu mwaka mzima.

Baiskeli ya barabara inafanya kazi zote mbili. Vyuma vya viwiko huuzwa peke yake. Mnavifunga kabla ya triathloni na kuvitoa baadaye. Zoezeni navyo majuma kadhaa kwanza, kwenye barabara nyoofu isiyo na magari. Tena someni sheria za kila shindano kabla ya kwenda.

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI AU KWA MITUMBA

1. Kipimo. Keti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Usikubali fremu kubwa eti bei ni nzuri. Kama wanachama wataitumia kwa zamu, wawe wa kimo kinachokaribiana, na kila mmoja aweke alama yake kwenye bomba la kiti.

2. Fremu. Igeuze, angalia nyufa mahali mabomba yanapoungana. Fremu ya chuma fundi anaweza kuichomelea. Ya kaboni ikipasuka haichomelewi, kwa hiyo iache.

3. Cheni. Kutoka pini moja, hesabu pini 24. Urefu uwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, na huenda meno ya gia yameliwa pia. Hiyo ni gharama nyingine, basi punguziwe bei.

4. Tairi. Kwa barabara zetu, chagua milimita 25 au 28 kama fremu ina nafasi. Nyembamba zaidi hupata pancha ovyo.

5. Gia. Penye milima mnahitaji gia nyepesi. Jaribu kupanda kilima kabla ya kulipa.

6. Spea. Muulize fundi wenu kama anapata tyubu, cheni na waya za breki za aina hiyo. Baiskeli nzuri isiyo na spea ni mzigo.

Msimalize pesa yote kwa baiskeli. Bakisheni ya helmeti, kwa maana mashindano yote mawili yanaidai, na kichwa hakina spea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Nani ataipanda, na kimo chao ni kipi? Nani ataitunza? Ikiharibika, nani atalipa? Mkishakubaliana haya, ndipo mtoe pesa.