Kilatini cha Ukutani Tanganyika Packers

Mwandishi chipukizi wa Kawe anaandika riwaya ya kundi la siri linalokutana usiku katika majengo ya zamani ya Tanganyika Packers, kiwanda kilichokuwa kikisindika nyama ya ng'ombe ya makopo. Kundi hilo lina kaulimbiu ya Kiingereza, Blood never forgets its own, naye anataka ichorwe ukutani kwa Kilatini. Rasimu yake, iliyochotwa kamusini neno baada ya neno, ni hii: Sanguis numquam obliviscit suum proprium.

Tuanze na kitenzi. Obliviscor, yaani kusahau, ni mojawapo ya vitenzi vya Kilatini vyenye umbo la kutendwa lakini maana ya kutenda. Kwa hiyo mwisho wake hapa ni -itur, si -it. Tena anayesahauliwa hakai kama yambwa ya kawaida. Huwekwa katika umbo la umilikishi. Proprium itupwe, maana imeingia kwa sababu tu Kiingereza kina own. Tunabaki na Sanguis suorum numquam obliviscitur: damu haiwasahau kamwe walio wake.

Wengi hudhani Kiswahili hakina kazi katika safari hii ya kutoka Kiingereza hadi Kilatini. Mimi ningekipitia kwanza. Kiingereza kinaficha mambo: its own ni watu au vitu, mmoja au wengi? Kiswahili hakikuachii upenyo. Ama haiwasahau, ama haivisahau, ama haimsahau. Ukishaamua hapo, umeshajua unachokitafuta. Amri nazo ni vivyo hivyo. Mwingereza hutumia umbo moja kwa mtu mmoja na kwa umati, ilhali sisi tuna usisahau na msisahau, na Mrumi alikuwa na noli oblivisci na nolite oblivisci. Kiapo cha kundi la siri kinalihitaji sana jambo hilo.

Damu yenyewe ina majina mawili. Sanguis ni ile ya mishipani, na kwa hiyo pia ya ukoo. Cruor ni iliyokwisha kumwagika. Kwa machinjio cruor inavutia, nakiri, lakini kaulimbiu hii ni ya undugu. Cruor mwandishi aihifadhi kwa sura ya mauaji, kama ipo (na katika riwaya za namna hii huwa ipo).

Kuhusu uchoraji: Warumi walipochonga herufi kubwa waliandika V mahali pa U. SANGVIS SVORVM NVMQVAM OBLIVISCITVR.

Kisha, nani ataisoma kwa sauti? Kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), misa ya Kikatoliki iliadhimishwa kwa Kilatini, na mapadri walisomeshwa lugha hiyo seminarini. Mhusika padri atasema "oblivishitur", kwa matamshi ya Kanisa. Mrumi wa zama za Kaisari angesema "obliwiskitur". Mhusika wakili ni hatari zaidi kwa mwandishi: anaweza kuwa na amicus curiae na mengine ya mahakamani mdomoni, asijue kunyambua hata kitenzi kimoja. Asipewe sentensi nzima.

Usahihi wa sarufi si sawa na ukweli wa historia, na hapo mtunzi ana uhuru wake. Tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963 ina Kilatini kinachojulikana sana: Et tu, Brute. Suetonius, mwanahistoria wa Kirumi, anaeleza kwamba Kaisari alikufa bila kutamka neno, ingawa wengine walidai alimwambia Brutus maneno ya Kigiriki. Kwa hiyo Kilatini kile tumekizoea kutoka jukwaa la Kiingereza. Lakini sarufi yake imenyooka: Brutus akiitwa, huwa Brute.

Shakespeare hakuweka tafsiri kando yake. Naye mwandishi wetu aondoe mabano ya tafsiri aliyotayarisha, amwache mlinzi wa kiwanda amulike ukuta kwa tochi na kukisia.